Balbu moja ikiungua, kwa nini indiketa nzima inagoma?

Tuseme umepata pikipiki ya zamani, ya miaka ya 1970 hivi, bado ina balbu zake za waya. Unawasha indiketa ya kushoto: taa ya mbele inawaka na kubaki imewaka, haipepesi. Ya nyuma kimya. Unahamia kulia, mambo safi: tik-tok, tik-tok. Wengi wakifika hapo wanakimbilia kununua flasha mpya (si ile ya kuhifadhia mafaili, ni kile kikopo kidogo cha bati kinachofanya taa iwake na kuzima). Subiri kwanza. Pande zote mbili zinatumia flasha hiyohiyo moja. Kama kulia inapepesa, flasha ni nzima, na kule kushoto kuna kitu inakuambia.

Ili umwelewe huyu mjumbe, lazima turudi nyuma kidogo.

Zamani ishara ya kugeuka ilikuwa mkono wa dereva, basi. Mwaka 1914 Florence Lawrence, nyota wa filamu zisizo na sauti huko Marekani, aliweka nyuma ya gari lake mkono wa bandia ulioinuka akibonyeza kitufe. Hakuuwekea hataza. Ulaya nako magari mengi yakaja kufungwa kijibawa kinachochomoza ubavuni. Taa zinazopepesa zilianza kuzoeleka baada ya Buick kuziweka kwenye magari yake ya mwaka 1939. Kwa nini zipepese badala ya kuwaka tu? Kwa sababu taa iliyotulia inapotea katikati ya taa nyingine za nyuma, lakini jicho la binadamu linashtuka haraka kwa kitu kinachobadilika. Viwango vya leo vinataka ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Pikipiki zilichelewa, na hili linashangaza ukilifikiria. Dereva wa gari ana mkono wa akiba. Wa pikipiki mkono wa kushoto uko kwenye klachi, wa kulia uko kwenye mafuta na breki, halafu unamwambia atoe mmoja nje ili aonyeshe anakata kona, palepale anapouhitaji zaidi!

Honda Super Cub ya mwaka 1958 ndiyo ninayoipenda katika hadithi hii. Soichiro Honda alitaka chombo ambacho kijana anayepeleka tambi za soba angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sinia. Ndiyo maana Super Cub haina mkono wa klachi. Klachi inajiendesha yenyewe. Sasa ona kilichotokea: mkono ulioachiliwa na klachi umekwenda kwenye sinia, kwa hiyo hakuna mkono wa kutoa ishara. Pikipiki hiyo ilikuja na indiketa, na kwenye zile za soko la Japani swichi yake iliwekwa kulia, chini ya kidole gumba cha ule mkono uliobaki kwenye usukani. Marekani, ambako Honda nyingi za miaka ya 1960 ziliuzwa bila indiketa, sheria ilikuja kuzilazimisha kwa pikipiki mpya kuanzia mwaka 1973.

Turudi kwenye kikopo chetu. Ndani ya flasha ya aina ya zamani kuna ulimi mwembamba wa metali mbili zilizobanwa pamoja. Umeme unaokwenda kwenye balbu unaupasha joto. Metali moja inatanuka kuliko nyenzake, ulimi unapinda, mguso unaachia, taa zinazima. Ulimi unapoa, unarudi, taa zinawaka tena. Ni saa inayoendeshwa na joto, na joto lenyewe linatokana na balbu zinavuta umeme kiasi gani. Flasha imepimwa kwa balbu mbili za upande mmoja. Moja ikiungua, umeme unabaki nusu, ulimi haupati joto la kutosha, na taa iliyobaki inaganda imewaka. Flasha za kielektroniki zilizofuata hutoa habari hiyo kwa namna nyingine: balbu moja ikifa, zinapepesa mbio kama zimepagawa. Kwa vyovyote, mdundo ukibadilika, jua upande huo una tatizo.

Tatizo si lazima liwe balbu. Pikipiki nyingi za zamani zilitumia volti 6, na hapo kutu ni adui mkubwa. Chukua balbu mbili za wati 18: jumla wati 36, sawa na ampea 6. Ukinzani wa zote mbili kwa pamoja ni omu 1 tu. Weka kutu yenye omu 0.2 njiani, balbu zinabaki na volti 5 hivi. Unaona ni kidogo? Mwanga wa balbu ya waya hushuka haraka kuliko volti, kwa hiyo umebaki na nusu ya mwanga. Dereva wa lori aliye nyuma yako saa saba mchana haoni kitu. Kutu hiyohiyo kwenye mfumo wa volti 12 wenye balbu mbili za wati 21 ingekula chini ya moja ya tano ya mwanga.

Kutu hiyo hupenda kukaa kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kwenye pikipiki nyingi za umri huo, umeme hurudi kupitia bolti inayoshika taa, kisha chesisi. Rangi mpya au kutu ikiingia hapo, njia imekatika. Kuipima ni rahisi: washa indiketa, chukua kipande cha waya, gusisha kikombe cha balbu na upande wa hasi wa betri. Taa ikishangilia, mchawi ni ethi. Fundi rewaya mzuri hapo hatabadilisha nyaya zote. Ataivutia kila taa waya wake wa kurudi, mambo yaishe.

Na ukiamua kuweka LED? Zinavuta umeme kidogo mno, ule ulimi haupati joto kabisa. Wengine hufunga kizuizi sambamba na LED ili kuihadaa flasha. Mimi siipendi njia hii: kizuizi kinavuta umeme hata LED ikifa, kwa hiyo umemziba mjumbe mdomo, na joto linapotea bure. Afadhali flasha ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa LED.

Bado utakutana na kituko kimoja: unawasha kushoto, zinapepesa zote nne. Pikipiki nyingi za zamani zina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, imefungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia, na umeme wake hurudi kupitia balbu za upande wa pili. Balbu za waya hazikujali umeme mdogo namna hiyo. LED zinaujali, zinawaka. Kata waya huo mmoja wa kulia wa taa ya dashibodi uupeleke ethi, na ule mwingine uulishe kutoka kushoto na kulia kupitia dayodi mbili, kila upande yake, mstari wake ukitazama taa.