Shira

Mwezi wa Ramadhani neno hili halikosekani katika majiko ya pwani. Shira ni sukari iliyochemshwa na maji, ikatiwa iliki, pengine na zafarani, hadi ikawa nzito na kunata. Humo ndimo zinamogaragazwa kaimati na visheti. Asili yake ni Kiajemi. Basi wanaodhani ni ndugu wa shurubati wanadanganywa na sauti: shurubati ni ya Kiarabu, na mzizi wake ni kunywa.

Waingereza wana treacle, uji mweusi unaobaki sukari ikisafishwa. Kwetu uji wa aina hiyo huitwa molasesi, na wanaoufaidi zaidi ni ng'ombe. Lakini jina la Waingereza, nakiri, limesafiri kuliko letu. Wagiriki waliita theriake dawa ya kuumwa na nyoka na wanyama wenye sumu. Dawa hiyo ilikorogwa na asali, na kufikia karne ya 17 jina lilikuwa limehamia kwenye utamu wenyewe.

Mwaka 1865 Lewis Carroll, katika hadithi ya Alice, aliwaweka dada watatu chini ya kisima cha treacle. Wengi huona ni upuuzi mtupu. Kumbe Binsey, karibu na Oxford, kipo kisima ambacho maji yake yaliaminiwa kuponya, yaani treacle kwa maana ile ya kale. Wale dada, kwa kuwa hawakula kingine ila treacle, waliugua vibaya.