RN2 na njia zinazoungana nayo: kila barabara iko chini ya nani?

Kila musimu wa mvua habari ni ile ile. Daraja la miti linabebwa na maji, malori yanapanga mustari, viazi na kabichi vinaozea juu ya gari. Wakaaji wanaenda kwa chefu wa kijiji. Chefu anawatuma kwenye teritware. Teritware inasema hiyo ni kazi ya jimbo, na kule jimboni wanajibiwa kwamba barabara ni ya kitaifa, sherti Kinshasa. Kiisha wanarudi nyumbani, wanakamata jembe na kufanya salongo.

Mara nyingine kweli ni kukwepa kazi. Lakini mara nyingi kila mukubwa aliyejibu alikuwa na sehemu ya haki, juu barabara za Kongo hazina mwenyewe mumoja. Zimegawanywa katika makundi, na kundi la barabara ndilo linaonyesha nani anapashwa kuitengeneza.

Inchi nzima inahesabiwa kuwa na kilometa 152,400 za barabara. Kati yake, kilometa 58,129 zinaitwa barabara za faida ya wote (intérêt général), na zinachungwa na Office des Routes, iliyoundwa mwaka 1971. Humo ndani kuna barabara za kitaifa, zile zinaandikwa RN, karibu kilometa 21,000. Zinazobaki ni barabara za jimbo, nazo zimepangwa mara mbili: zile za lazima zaidi, na zile za pili. Kilometa 7,400 ni barabara za ndani ya miji, chini ya OVD, yaani Office des Voiries et Drainage. Zingine zote, kilometa 86,871, ni njia za kutolea mazao mashambani, zile watu wanaita desserte agricole. Hizo haziko hata chini ya wizara ya kazi za ujenzi. Ziko chini ya wizara ya maendeleo ya vijijini, kupitia huduma yake ya njia za mashamba.

Tazama vizuri hesabu hiyo. Zaidi ya nusu ya barabara za Kongo ni njia za mashamba. Mulimaji akisema « Office des Routes haifike kwetu », inawezekana kabisa njia yake haiko kwenye liste ya Office des Routes hata kidogo.

Kwa sisi watu wa mashariki, barabara inayosemwa zaidi ni RN2. Wengi wanafikiri inaanza Goma na kuishia Beni. Hapana. Inatoka mbali, Mbuji-Mayi kule Kasai, inapita Kasongo katika Maniema, inaingia Kivu ya Kusini kupitia Kamituga, Mwenga na Walungu mpaka Bukavu. Toka hapo inafuata ziwa: Kavumu, Katana, Kalehe, Nyabibwe, Minova, Sake, Goma. Kisha inapanda Kibumba, Rumangabo, Rutshuru, Kiwanja, inakata mbuga ya Virunga pale Rwindi, inapanda mulima mpaka Kanyabayonga, na inaendelea Kirumba, Lubero, Butembo, Beni. Kuna sehemu zake zenye lami, na kuna sehemu ambako lori linalala wiki katika matope. Zote ni RN2. Herufi RN hazimaanishe lami. Zinamaanisha tu kwamba ni barabara ya Leta ya kati.

Njiani RN2 inakutana na dada zake. Bukavu inaungana na RN5, ile inashuka Kamanyola na Uvira. Pale Miti, kaskazini ya Bukavu, RN3 inaachana nayo na kuingia mbuga ya Kahuzi-Biega kuelekea Bunyakiri, Hombo na Walikale mpaka Kisangani. Beni kuna RN4: upande mumoja inashuka Kasindi kwenye mupaka wa Uganda, upande mwingine inaenda Komanda, Mambasa na Kisangani. Komanda nayo inatoa RN27 ya Bunia na Mahagi. Hizi zote ni za kitaifa. Kwa hiyo muchuuzi anayetoka Uvira mpaka Mahagi kupitia Goma anaweza kusafiri siku nyingi bila kutoka kwenye barabara za RN, hata kama hakuna kibao kimoja kinachomwambia.

Matatizo yanaanza pale anapokata kona. Njia inayotoka kijijini na kuangukia kwenye RN2 haikamate kundi la RN2 juu ya kugusana nayo. Inaweza kuwa ya jimbo, inaweza kuwa ya mashamba. Mita hamsini zinatosha kubadilisha ofisi, wizara na mufuko wa feza.

Katiba ya 2006 inatoa kipimo. Kifungu 202 kinaiachia serikali ya kati barabara zinazounga majimbo mawili ao zaidi, zile zinazounga Kongo na inchi ingine, na zile sheria ya taifa imetangaza kuwa za faida ya taifa, hata kama ziko nzima ndani ya jimbo moja. Ndiyo maana urefu si kitu. Njia ya Rutshuru mpaka Bunagana ni fupi sana ukiilinganisha na RN2, lakini inafika mupaka wa Uganda, na kazi yake iliamuliwa katika mapatano ya inchi mbili. Programu iliyozinduliwa na marais wa Kongo na Uganda mwezi wa Juni 2021 ilihesabu kilometa 223: Kasindi–Beni 80, Beni–Butembo 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma 89. Hakuna gavana anayeweza kutia sahihi peke yake juu ya kazi kama hiyo.

Kipimo hicho kina jambo moja ambalo watu hawaliangalie sana. Mipaka ya majimbo inabadilika, barabara haitembee. Mpaka mwaka 1988 Bukavu na Goma zilikuwa ndani ya jimbo moja la Kivu. Mwaka 2015 Province Orientale ilikatwa kuwa Ituri, Tshopo, Haut-Uele na Bas-Uele. Njia ya Mongbwalu kuelekea Watsa, iliyokuwa ndani ya jimbo moja, leo inatoka Ituri na kuingia Haut-Uele. Kwa maneno ya Katiba, inaunga majimbo mawili. Lakini namba ya barabara haibadilike yenyewe siku jimbo linazaliwa. Inahitaji andiko la serikali. Kama andiko halijatoka, kila jimbo linaweza kutazama upande wa mwenzake, na shimo linabaki pale pale kwenye mupaka.

Feza nazo zinafuata makundi haya. FONER, mufuko wa kutengeneza barabara, uliundwa kwa sheria ya Julai 2008. Unaingiza feza kupitia kila litre ya esanse na mazutu, na kupitia peaji. Kazi yake ni kulipia matengenezo: kufukia mashimo, kufungua mitaro, kukata majani. Si mufuko wa kujenga barabara mpya. Kwa hiyo mutu wa pikipiki anayeuliza « nalipa kila siku, lami iko wapi? » ana haki ya kuuliza, ila matengenezo na lami ni mifuko miwili. Na bariere si alama ya kundi la barabara. Katika majimbo yetu kamba inaweza kufungwa na peaji ya Leta, na jimbo, na usultani, ao na watu wenye bunduki. Karatasi ya malipo ndiyo inasema nani amekamata feza, na mara nyingi karatasi haiko.

Ndani ya miji ni ngumu zaidi. Butembo, barabara ya katikati ya mji ni RN2 yenyewe. Maduka yanapakana nayo, mitaro yake ndiyo inapokea maji ya mitaa ya juu. Dereva wa lori anaiona kuwa barabara ya kitaifa, mwenye duka anaiona kuwa barabara ya mji. Mutaro ukiziba, Office des Routes, OVD na meya wote wana neno la kusema, na hapo ndipo watu wanatupiana mupira.

Vita pia vimekata RN2 vipande. Toka mwanzo wa 2025, Goma na Bukavu ziko mikononi mwa M23, na Butembo na Beni ziko upande wa serikali. Gari linalotoka upande mumoja kwenda mwingine linakutana na wakubwa wawili na kodi mbili. Katika maandiko ya barabara, lakini, kundi la RN2 halikubadilika.

Kwa wale wanaotaka kuandika barua juu ya njia yao, kazi ya kwanza ni kwenda kuuliza kwenye ofisi ya Office des Routes ya jimbo kama njia hiyo iko kwenye liste yake, na kwa namba gani. Kama haiko, mulango wa pili ni huduma ya njia za mashamba ya wizara ya maendeleo ya vijijini, na mara nyingi kuko kamati ya kijiji ya kutengeneza njia (CLER) inayoweza kuandikwa pale. Katika barua, usiseme tu « barabara yetu ». Andika namba, jina la muto ao kijiji, na kilometa ngapi toka njia panda ya karibu. Tuma kopi kwa msimamizi wa teritware na kwa minista wa jimbo wa kazi za ujenzi, na ubakie na ile yenye kashe ya kupokelewa.