Papasi, Chandarua na Daftari la Kaya: Historia ya Utafiti Ifakara

Utafiti wa kisayansi Ifakara ulianza na papasi. Mdudu huyu wa jamii ya kupe hujificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, kisha hutoka usiku kunyonya damu ya waliolala. Huambukiza homa ya papasi, homa inayopoa kwa siku kadhaa mgonjwa akadhani amepona, kisha ikarudi kwa nguvu. Mwanazuolojia Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, mwasisi wa Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki iliyoanzishwa mwaka 1943, aliwatafuta papasi hao ndani ya nyumba za Tanganyika. Alifika Ifakara mwaka 1949 akapokelewa na wamisionari. Uenyeji huo haukutokea kwa bahati: Wakapuchini wa Uswisi walikuwa wamechukua misheni za eneo hilo mwaka 1921, baada ya Wabenediktini Wajerumani kuondolewa kufuatia Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mahali penyewe palimfaa mtafiti wa magonjwa. Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mito inayoshuka kutoka pande zote mbili hulijaza maji wakati wa masika. Maji hayo ndiyo yanayostawisha mpunga unaowalisha Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na wahamiaji waliowafuata, na ndiyo yanayozalisha mbu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 Geigy alifungua maabara ya kudumu Ifakara, jirani na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kwa miaka mingi ya mwanzo maabara hiyo ilikuwa kituo cha wageni: wanasayansi walikuja msimu mmoja, wakakusanya wadudu, wakarudi nao Basel. Wenyeji walihesabiwa kama wasaidizi, ingawa bila wao hakuna mgeni ambaye angejua papasi wako nyumba ipi.

Elimu ndiyo iliyobadilisha kwanza sura ya kazi hiyo. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kilifunguliwa Ifakara chuo cha kuwafunza Watanganyika huduma za afya vijijini, kwa fedha za mfuko ulioundwa na kampuni za Basel. Nchi mpya ilikuwa na madaktari wachache mno, na zahanati nyingi ziliendeshwa na watu waliofunzwa kwa muda mfupi. Katika miaka ya 1970 chuo kiligeuzwa kuwa cha waganga wasaidizi, kisha kikakabidhiwa Serikali. Kabla ya hapo, juu milimani Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alikuwa ameanzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuta wagonjwa waliotengwa na jamaa zao kwa hofu ya kuambukizwa, akawapa dawa, akaandika pia juu ya watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Miongo kadhaa baadaye watafiti walirudi Mahenge kuuchunguza ugonjwa huo wa kuinamisha vichwa na uhusiano wake na ugonjwa wa usubi.

Mwaka 1981 maabara ya Ifakara ilipata uhai mpya. Mtafiti Mswisi Marcel Tanner na wenzake waliacha kumfuata mdudu peke yake, wakakifuata kijiji kizima. Katika kijiji cha Kikwawila walipima minyoo, malaria, lishe, maji na vyoo kwa pamoja, na wakarudi kwa wanakijiji na matokeo. Ugonjwa ulianza kuonekana kama jambo la kaya. Badiliko hili ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya yaliyofuata, kwa sababu mtu akiuliza kwa nini mtoto anaugua, hataweza kukwepa maswali ya pesa, ya maneno na ya kazi ya shamba.

Kiasi cha malaria bondeni kilikuwa cha kutisha. Vipimo vilivyofanywa kijiji cha Namawala karibu mwaka 1990 vilionyesha kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ndiyo maana chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, ililetwa kujaribiwa Idete, kijiji kilicho karibu na Ifakara. Watoto 586 wenye umri wa mwaka 1 hadi 5 walishiriki, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Matumaini yalikuwa makubwa. Kisha majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga yoyote, na jaribio la pili la Tanzania, kwa watoto wachanga, halikuona pia. Chanjo hiyo iliachwa. Hata hivyo Ifakara ilibaki na hazina: watu waliojua kuendesha jaribio kubwa kwa viwango vya kimataifa katikati ya bonde ambalo barabara zake hukatika masika.

Umiliki nao ulibadilika. Mwaka 1996 kituo cha Ifakara kiliandikishwa kama taasisi ya udhamini ya Kitanzania. Andrew Kitua alikiongoza, kisha Hassan Mshinda. Wa kwanza baadaye aliongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wa pili Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwaka 2008 kituo kilichukua jina la Taasisi ya Afya Ifakara.

Mwaka huohuo wa 1996 ulianza mradi wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na hapa utafiti wa tiba ulikutana uso kwa uso na biashara. Chandarua chenye dawa kilijulikana kuwa kinaokoa maisha. Swali lilikuwa kingemfikiaje mkulima wa mpunga ambaye fedha yake huja mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Mradi ulichagua soko: chandarua na dawa ya kukitia viliuzwa kwa nembo ya Zuia Mbu kupitia maduka ya kawaida na mawakala wa vijijini. Wajawazito na akina mama wenye watoto wadogo walipewa katika kliniki hati ya punguzo ya shilingi 500, karibu asilimia 17 ya bei. Katika miaka mitatu sehemu ya watoto wachanga waliolala ndani ya vyandarua ilipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya nusu, na uwezekano wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 kuendelea kuishi uliongezeka kwa asilimia 27 kwa waliotumia vyandarua vyenye dawa. Tofauti kati ya tajiri na maskini ilipungua, lakini haikuisha. Mwaka 2004 wazo hilo lilipanuliwa nchi nzima kwa jina la Hati Punguzo, na mjadala kama chandarua kiuzwe au kigawiwe bure uliendelea kwa miaka, huku takwimu za Kilombero zikitumiwa na pande zote mbili.

Takwimu hizo zilitoka kwenye daftari la kaya. Kuanzia Septemba 1996, wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25, kila baada ya miezi minne, wakiandika aliyezaliwa, aliyefariki, aliyehamia na aliyehama. Kila mtu alipewa namba yake ya kudumu, na fomu ziliingizwa kwenye kompyuta Ifakara. Ilikuwa kazi ya uvumilivu. Katika nchi ambamo vifo vingi vya vijijini havikuandikwa popote, daftari hilo ndilo lililoweza kusema watoto wangapi wamekufa na lini. Mwaka 1998 vituo vya namna hii vya Afrika na Asia vilikutana Dar es Salaam na kuunda mtandao wa INDEPTH. Baadaye karatasi ziliachia nafasi kompyuta za mkononi, ambazo zilikataa jibu lisilowezekana, kama mtoto aliyemzidi umri mama yake, mdodosaji akiwa bado yuko mlangoni.

Maneno ya watu nayo yaligeuka kuwa mada ya utafiti. Wanaanthropolojia waliofanya kazi Ifakara miaka ya 1990 walikuta kwamba watu walikuwa wameyapokea mafundisho ya hospitali bila kuacha ya kwao. Kipimo kisipoonyesha vimelea na homa ikaendelea, baadhi walieleza kwamba mchawi amevificha vimelea visionekane, hivyo mgonjwa apelekwe kwanza kwa mganga ndipo dawa ya hospitali ifanye kazi. Degedege nayo wengi hawakuihusisha na malaria. Maelezo hayo yaliwafunza watafiti kwa nini mtoto huchelewa kufikishwa hospitalini hata pale ambapo hospitali haiko mbali. Utafiti uliofuata uligeukia mashamba ya mbali, ambako familia huhamia msimu wa kilimo na kuishi kwenye vibanda, na maduka ya dawa baridi, ambako wazazi wengi huanzia kutafuta tiba. Katika mkoa wa Morogoro maduka hayo yalibadilishwa hatua kwa hatua kuwa maduka ya dawa muhimu, wauzaji wakipewa mafunzo na kibali cha kuuza dawa za malaria.

Jaribio lililovuka mipaka zaidi lilifanyika katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambako watoto walipewa dawa ya malaria ya SP walipoletwa kwa chanjo wakiwa na miezi 2, 3 na 9. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha malaria ikipungua kwa asilimia 59 katika mwaka wa kwanza wa maisha, na upungufu mkubwa wa damu kwa nusu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo mwaka 2010.

Mwaka huo wa 2010 Ifakara ilipata pia chuo kikuu kishiriki cha tiba cha Mtakatifu Fransisko, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na wanafunzi wa udaktari wakaanza kusomea palepale ambapo Geigy aliweka darubini yake. Nje kidogo ya mji, katika nyumba kubwa za wavu zinazoitwa kwa mazoea jiji la mbu, mbu hufugwa ili dawa na mitego ijaribiwe bila kumhatarisha mwanakijiji. Miaka ya karibuni watafiti wamegundua kwamba sehemu kubwa ya malaria ya bondeni sasa inaenezwa na spishi moja, Anopheles funestus, mbu anayependa kuingia ndani ya nyumba na aliyejenga usugu dhidi ya dawa za vyandarua.