Kosa Lisilo na Mkosaji

Mnunuzi wa mchele hamwagi gunia zima. Huchoma bambo ubavuni, punje zikamteremkia kiganjani, akaangalia chenga, akataja bei. Akichoma upande wa pili, chenga zitapungua au zitazidi. Nani kakosea? Hakuna. Gunia ni lile lile na bambo halikudanganya. Kiganja tu ndicho si gunia.

Tofauti hiyo Waingereza wameiita kwa neno lao la kosa, nasi darasani tukafuata: "kosa la sampuli". Silipendi. Kosa kwetu lina mwenyewe, na mwenyewe anadaiwa radhi au faini. Mwanafunzi akilisikia hudhani kwamba akiwa makini litatoweka. Halitoweki ila kwa kuhesabu gunia lote. Hupungua tu, tena kwa ubahili: ukitaka likatike nusu, sampuli sharti iongezeke mara nne.

Afadhali "hitilafu ya sampuli". Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kutofautiana, na ingawa mafundi umeme wamelivuta kwenye nyaya zilizoungua, watu wawili bado huweza kuwa na hitilafu pasipo hata mmoja kuwa na hatia.

Kosa tuliachie jarida la Literary Digest la Marekani. Mwaka 1936 lilikusanya kura za maoni zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi ya waliotumiwa kadi za kura hiyo yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na wengi wa waliotumiwa hawakujibu. Hapo mkosaji yupo, na wingi wa kadi haukumwokoa.

Hitilafu ya sampuli, ile isiyo na mkosaji, huingia pia kwenye mstari wa rejeo, ule unaochorwa kupita katikati ya nukta za data. Jina hilo tunadaiwa na Francis Galton, aliyeonyesha mwaka 1886 kwamba watoto wa wazazi warefu hurejea kuelekea kimo cha wastani. Ubora wa mstari hupimwa kwa R mraba, yaani sehemu ya mtawanyiko ambayo mstari umeieleza. Lakini nukta mbili zenye vimo tofauti hutoa 1 kamili daima! Nukta tatu zilizotupwa kibahati, zisizohusiana kabisa, hutoa wastani wa 0.5; kumi na moja, 0.1. Kwa hiyo kabla hujashangilia R mraba, uliza imetoka kwenye nukta ngapi.

Kisha tazama baki, ule mwanya kati ya nukta na mstari. Mwaka 1973 Francis Anscombe alichapisha mafungu manne ya nukta 11, yote yakiwa na mstari mmoja na R mraba ya 0.67. Fungu la pili ni tao. Katika la nne, nukta kumi zimesimama wima juu ya 8, na moja iko peke yake kwenye 19. Bambo likiikosa hiyo moja, hakuna mstari wa kuchora.