Mfarishi wa Viraka na Rangi za Kiangazi cha Natta

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo ambacho wengi wetu hukikanyaga bila kukitazama, nacho ni kipande cha nguo kilichoanguka chini ya cherehani. Kipande hicho chaweza kuwa takataka, tena chaweza kuwa mwanzo wa mfarishi, yaani tandiko nene la kujifunikia, lililoshonwa kwa viraka vingi, tabaka juu ya tabaka. Katika nchi nyingi wanawake wameufanya ushonaji huo kuwa sanaa kubwa. Swali letu ni hili: mwanamke wa Natta, katika wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, akitaka kushona mfarishi wenye rangi za kupendeza, azitafute wapi rangi zake? Ili tupate jibu, yatupasa kwanza kurudi nyuma katika historia.

Wanatta wa zamani walikuwa wakulima na wawindaji. Walilima mtama na ulezi, wakawinda katika nyika za magharibi ya Serengeti, na mavazi yao yalikuwa ya ngozi. Mikia ya nyumbu waliipeleka Usukuma, wakarudi na mifugo. Nguo ya pamba ilikuwa mgeni aliyechelewa kufika. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na meli za mji wa Salem, Massachusetts, zikaleta pwani majora ya nguo ngumu isiyotiwa rangi. Watu wakaiita merikani, kwa jina la nchi ilikotoka. Toka Bara Hindi zilikuja kaniki, nguo zilizochovywa katika nili. Mizigo hiyo ilibebwa na wapagazi hata bara, ikapita mikono mingi, na kila mkono uliongeza bei. Nguo iliyosafiri hivyo haikutupwa kwa sababu ya tundu moja. Ilitiwa kiraka.

Huko pwani nako, vazi tunalolijua sote lilianzia katika kuunganisha vipande. Watu wa Mombasa na Unguja husimulia kwamba katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 wanawake walinunua leso za mraba zilizouzwa kwa jora kabla ya kukatwa mojamoja. Walichukua leso sita, wakazikata tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, ikawa nguo moja pana. Wafanya biashara walipoona jinsi inavyopendwa, waliagiza nguo iliyokwisha pigwa chapa nzima, yenye pindo na mji. Ndiyo kanga, na hata leo wengine huiita leso. Basi tusidharau mkono uunganishao vipande, maana waliobuni nguo hiyo hawakuwa wenye viwanda, bali wanawake wenye sindano.

Hata hivyo twajua kwa nini neno kiraka lina uchungu masikioni mwa wazee. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Japani ilipoingia vitani mwezi wa Desemba 1941, nguo zake za bei nafuu hazikufika tena Tanganyika, na nguo zikawa adimu. Tena baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka ya Tanzania yalikuwa matupu, na mtu aliyepata kipande cha khanga au kitenge alijiona ana bahati. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wafanya biashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na baadaye mitumba ikajaa masokoni. Waliovaa viraka siku hizo walivivaa kwa kukosa, wala si kwa kupenda. Kwa hiyo mtu akisema leo kwamba viraka ni uzuri, wapo watakaomcheka. Tuwajibu kwa mifano miwili ya watu wenye asili ya bara letu, ambao walikuwa na uhaba kuliko sisi.

Mfano wa kwanza uko Bara Hindi. Katika misitu ya Karnataka wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika, wengi wao wa Afrika ya Mashariki, waliovushwa bahari wakiwa watumwa, askari au mabaharia. Baadhi ya wazee wao walitoroka katika nchi ya Goa iliyokuwa ya Wareno, wakajificha msituni. Wanawake wa Kisidi hushona mfarishi uitwao kawandi. Hutandaza sari kuukuu, kisha huanza kushona viraka pembeni, huzunguka pande zote nne, na kidogo kidogo huingia ndani mpaka wakutane na katikati. Katika pembe nne hutia vipande vilivyokunjwa pembe tatu, navyo huviita phula, yaani maua. Kawandi isiyo na maua hayo huhesabiwa kuwa uchi. Angalieni jambo hili: watu hao si matajiri, na viraka vyao hutoka katika nguo zilizochakaa, lakini hawakubali kazi iishe pasipo pambo lake.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Bibi Harriet Powers alizaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Baada ya kupata uhuru alishona mfarishi wenye picha za hadithi za Biblia, zilizokatwa katika vitambaa na kushonwa juu yake, na mwaka 1886 ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba ya mji wa Athens. Hapo kwanza alikataa kuuuza. Baadaye dhiki ilimbana, akauuza kwa dola 5, naye alikuwa ametaka 10. Leo mfarishi huo umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Marekani. Vivyo hivyo huko Alabama, katika kijiji cha Gee's Bend, Bibi Missouri Pettway alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 alizikata nguo za kazi za marehemu, akazishona kuwa mfarishi ili ajifunike kwa upendo wake. Rangi zake ni za nguo zilizopauka shambani. Hakwenda dukani kuzichagua. Zilikuwa rangi za maisha ya watu wawili.

Sasa twaweza kulikabili swali letu. Katika nchi za baridi washonaji hupenda sana mifarishi ya majira yale yanayofuata kiangazi, wakati majani ya miti yanapopoteza rangi ya kijani na kuonyesha manjano na wekundu kabla ya kupukutika. Wamarekani wana hata mtindo wa jani la mti uitwao maple, unaoshonwa kwa miraba na pembe tatu. Ni mtindo mzuri, na mtu hakatazwi kujifunza. Lakini wafasiri huyaita majira hayo vuli, na hapo ndipo penye mtego. Vuli ya Natta ni mvua za mwisho wa mwaka, ambazo huleta majani, hazipukutishi. Mshonaji akinakili jani la maple bila kufikiri, atakuwa ameshona majira ambayo hayajafika mlangoni kwake hata siku moja. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na tena haiimbi sifa za nyumbani kwako.

Natta ina majira yake yenye rangi hizo, nayo ni kiangazi. Masika yakiisha, nyasi za nyika hugeuka. Ziko zinazokuwa rangi ya dhahabu, na ziko nyingine, zenye masuke yaliyoinama, zinazoiva kuwa nyekundu ya kahawia. Katikati ya nyasi hizo, kati ya Mei na Julai, hupita nyumbu wakiuelekea mto Grumeti, mistari mirefu ya rangi ya kijivu. Kando ya maji husimama migunga yenye magome ya manjano, na mivungunya huning'iniza maua mekundu yaliyoiva kama damu ya mzee. Shambani mtama na ulezi vimevunwa. Kisha moto hupita, nchi huwa nyeusi, na baada ya siku chache machipukizi ya kijani hutokea juu ya weusi ule. Je, ni duka gani lenye rangi zinazopatana kuliko hizo?

Basi, mshonaji na aketi nje jioni moja ya Julai, ahesabu rangi tano azionazo, kisha akatafute viraka vinavyofanana nazo katika vitenge vikuukuu, mashati yaliyochakaa na mabaki ya fundi. Dhahabu na kahawia ziwe nyingi, maana ndivyo ilivyo nchi. Nyekundu iwe kidogo, kama maua yalivyo machache, nayo itaonekana zaidi. Nyeusi ikae pindoni, kama ardhi iliyoungua. Na kama katika nyumba kuna shati la baba aliyefariki, au kanga ya bibi, kipande chake kipewe mahali pa heshima. Usiku wa kiangazi una baridi, na mtoto atakayelala chini ya mfarishi huo ataweza kuulizia kila kiraka kilitoka wapi, na mamaye ataweza kumjibu.

Kanga ya pwani, kawandi ya Wasidi na mfarishi wa Bibi Powers vilianza kwa vipande vilivyokuwa mikononi mwa wenyewe, na kwa macho yaliyojua kuvitazama. Wanatta nao hawakukosa vipande, wala nchi yao haikukosa rangi.