Zebaki na nishati ya mwili katika machimbo ya Rwamgasa

Mgodi wa dhahabu wa kikoloni wa Geita, Tanzania, ulioanza miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Rwamgasa ni miongoni mwa maeneo ya Geita yaliyofurika wachimbaji wadogo baada ya serikali kulegeza masharti ya biashara ya dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1980. Walishuka kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, kwa kamba, wakiwa na sururu na tochi. Mawe yalisagwa kwenye makarasha, mchanga ukaoshwa mwaloni, na dhahabu ikanaswa kwa zebaki. Mchanganyiko huo ulichomwa motoni ili zebaki itoke, mara nyingine nyumbani palipolala watoto.

Misuli iliyofanya kazi hiyo hutegemea glukosi. Wanga wa ugali na michembe, chakula cha akiba cha Wasukuma, humeng'enywa kuwa glukosi, na damu huifikisha kwenye seli. Humo kila molekuli hukatwa kuwa piruvati mbili. Hatua hii haihitaji oksijeni, lakini faida yake ni ATP 2 tu, yaani molekuli zinazobeba nishati ya seli. Mpiga sururu akizidisha kasi kuliko oksijeni inavyofika, piruvati hugeuka laktati. Oksijeni ikitosha, piruvati huingia kwenye mitokondria na kupitia mzunguko ambao mwanabiokemia Hans Krebs aliueleza mwaka 1937. Mwishowe hubaki kabonidayoksaidi na maji, na glukosi moja huwa imetoa takriban ATP 30.

Mvuke wa zebaki huvuruga kazi hiyo ya kuzalisha nishati. Ukivutwa hupita mapafuni hadi kwenye damu, ukafika kwenye ubongo na figo. Huko zebaki hushikamana na salfa iliyomo katika vimeng'enya na protini, navyo hushindwa kufanya kazi. Mitokondria nazo hudhurika. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na tegemeo lake kuu ni glukosi. Ndiyo maana madhara ya zebaki huonekana katika mikono inayotetemeka, usingizi unaopotea na kumbukumbu inayofifia.

Mwaka 2002 UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, lilianza mradi wa zebaki katika nchi sita, na Rwamgasa ikachaguliwa kwa upande wa Tanzania. Uchunguzi wa mwaka 2003 uliwakuta wachomaji wakiwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Mradi ulihimiza kuchomea katika chombo kilichofungwa, kinachoupoza mvuke na kuirudisha zebaki. Ni kifaa rahisi, na kilipaswa kuwafikia wachimbaji mapema zaidi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo unataka uchomaji wa wazi, na ule wa kwenye makazi ya watu, ukomeshwe.