Kuruta Bila Cheti: Buha na Mlango wa Jeshi

Kila Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) linapotangaza nafasi za kujitolea, ofisi za vijiji na kata za Kasulu, Kibondo na Kakonko hujaa vijana wenye bahasha mkononi. Ndani yake mna cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na cheti cha shule, kama kipo. Swali linalozunguka foleni nzima ni moja: bila fomu foo naingia? Kijana aliyeishia darasa la saba, au aliyeacha kidato cha pili mwaka ambao mahindi yalikauka shambani, huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kukosa cheti ni aibu ya ukoo.

Historia ya nyanda hizi inasema vingine. Kwa miaka karibu 100 mtu wa Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, aliyeingia jeshini aliingia bila karatasi yoyote ya shule, na mara nyingi ni jeshini ndiko alikoshika kalamu kwa mara ya kwanza. Sharti la cheti ni jipya, na limekuja kwa sababu ambazo tunaweza kuzifuatilia. Wale walioingia kabla yake hawana sababu ya kuonewa aibu na mtu yeyote.

Wajerumani walipojenga boma Ujiji na kupandisha doria zao kwenye milima ya Heru, Muhambwe na Buyungu, jeshi lao lilikuwa la Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na Wasukuma, wakiongozwa kwa vyeo vilivyotoka mbali: ombasha, shaushi, sol. Hakuna aliyeulizwa darasa. Waha wengi walikutana na jeshi hilo wakiwa wapagazi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na miezi michache baadaye vita vikaanza. Wabelgiji walishuka kupitia Urundi, Kigoma ikaanguka mwishoni mwa Julai 1916, Tabora ikafuata tarehe 19 Septemba. Eneo la Kigoma lilibaki mikononi mwa Wabelgiji hadi 1921. Majeshi yote mawili yalikula chakula cha vijiji na kuchukua mabega ya vijana. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, na chini yake yakachongwa maneno ya kuwakumbuka askari na wapagazi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Wengi wa waliokumbukwa wasingeweza kuyasoma.

Kuna simulizi moja ya wakongwe wa jeshi la Mjerumani ambayo haina budi kuwekwa hapa. Husimuliwa kwamba miaka ya 1960, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa waliobaki, wazee walikusanyika Mwanza na wachache tu ndio waliokuwa na hati ya utumishi. Mhasibu akampa kila mzee fagio ashike kama bunduki, kisha akatoa amri za kwata kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna aliyeshindwa. Hata kama simulizi hiyo imeongezwa chumvi njiani, imedumu kwa sababu inaeleza hali halisi: utumishi wa watu hawa uliandikwa mwilini, na karatasi ilipotakiwa haikuwepo.

Chini ya Waingereza Buha iliingia kwenye mafaili kama ghala la nguvukazi. Kodi ya kichwa ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Ndiko walikokwenda manamba, kwa mguu hadi stesheni kisha kwa behewa, na kuanzia 1944 wakala wa wenye mashamba ya mkonge, SILABU, aliwachukua Waha kwa maelfu. Jeshi la Keya, yaani King's African Rifles, lilikuwa njia nyembamba pembeni ya barabara hiyo pana. Maofisa walikuwa na orodha yao ya makabila waliyoyaita ya kivita, na Wahehe na Wangoni walisifiwa humo kuliko Waha. Jambo jingine walilolipima lilikuwa elimu, na hapo kipimo kiligeuzwa juu chini. Kijana wa misheni aliyejua kusoma alitiliwa shaka. Walisema anabisha, anasoma magazeti, anajua haki yake. Aliyetakiwa ni mtu wa porini mwenye kifua kipana na miguu isiyochoka. Kukosa shule kulikuwa karibu sifa ya kuandikishwa.

Na shule yenyewe ilikuwa wapi? Wamisionari walikuwa wamefungua vishule vya katekesimu na madarasa ya awali huku na kule, lakini elimu ya juu ya hapo ilikuwa Tabora, kwenye shule ya serikali iliyoanzishwa miaka ya 1920 na kulenga kwanza watoto wa machifu. Mtoto wa mkulima wa Muhambwe hakuwa na njia ya kufika huko. Kwenye miaka ya 1930 watu wa upande wa Kibondo walihamishwa na kukusanywa pamoja kwa sababu ya malale. Palipo na mbung'o, na nyumba zinahamishwa, darasa halisimami.

Vita vya Pili vya Dunia vilibadili hesabu. Tanganyika pekee ilitoa zaidi ya wanaume 80,000, na Afrika Mashariki nzima zaidi ya 300,000. Walipelekwa Uhabeshi na Somalia, Bukini (Madagaska) mwaka 1942, na Burma kuanzia 1944, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw kwenye mvua za masika na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Wengine walikufa kabla ya kufika. Meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na Wajapani tarehe 12 Februari 1944 katika Bahari ya Hindi, na watu karibu 1,300 wakapotea, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Kuandikishwa kwenyewe kulichukua dakika chache. Daktari alitazama kifua, meno na nyayo, akabonyeza tumbo kutafuta wengu uliovimba kwa malaria. Karani aliuliza jina, jina la baba, kijiji, na jina la chifu. Kisha kidole gumba kikachovywa kwenye wino na kukandamizwa chini ya fomu ambayo mwenye kidole hakuweza kuisoma. Akapewa namba na kisahani cha kuvaa shingoni, akawa kuruta. Umri ulikadiriwa kwa macho.

Lakini vita vya magari, redio na mizinga havikuendeshwa kwa dole gumba. Jeshi lilihitaji madereva wanaosoma vibao, wapiga simu, makarani wa bohari, wauguzi. Maofisa waliokuwa wakimkwepa msomi wakaanza kumtafuta, na walipomkosa wakalazimika kumtengeneza. Ndipo kilipoundwa kikosi cha elimu cha jeshi la Afrika Mashariki, na walimu wake wakafunzwa Kabete, Kenya. Kwenye kambi, baada ya gwaride na kabla ya chakula cha jioni, watu wazima wenye ndevu walikaa chini na kutamka silabi. Lugha ilikuwa Kiswahili, mara nyingi kile cha kambini ambacho wajuzi wa Mrima wangekunja uso kukisikia. Yalitolewa hata magazeti kwa ajili yao, Askari na baadaye Heshima. Aliyeweza kuandika jina lake alitia sahihi siku ya mshahara badala ya kuchovya kidole, na wenzake waliliona hilo. Aliyeweza zaidi aliwaandikia wenzake barua za nyumbani.

Hapa ndipo jambo linanigusa zaidi. Tunapoandika historia ya elimu ya Kigoma tunahesabu misheni, shule za serikali za mitaa na shule za kati. Hatuhesabu kambi. Walakini mtu aliyerudi Heru mwaka 1946 akiwa anajua kusoma, kuendesha lori na kuhesabu fedha alikuwa amesoma, ingawa hakuna mkaguzi wa elimu aliyewahi kumwandika. Ni mwaka uleule ambao Theresa Ntare alishika utawala wa Heru, mwanamke kati ya machifu ambao karibu wote walikuwa wanaume, na utawala wa namna hiyo ulihitaji watu wa kuandika na kuhesabu.

Baada ya vita Keya iliendelea kuwachukua wasiosoma, na kwa kipaji cha viwanjani pekee mtu aliweza kupanda. Mfano unaojulikana kuliko yote ni Idi Amin, aliyeingia mwaka 1946 akiwa na elimu ndogo mno ya darasani, akawa effendi mwaka 1959 na luteni 1961. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1950 Kiingereza kilikuwa kinachukua nafasi ya Kiswahili katika jeshi, na ofisa mpya alitoka Sandhurst. Alexander Nyirenda, aliyepandisha Mwenge wa Uhuru Kilimanjaro Desemba 1961, na Mrisho Sarakikya, aliyekuja kuwa Mkuu wa Majeshi wa kwanza Mtanzania, walipitia huko. Tangu hapo mlango wa jeshi ukawa na ngazi mbili, moja ya wenye vyeti na moja ya wasio navyo.

Maasi ya Januari 1964 yaliivunja Tanganyika Rifles, mrithi wa Keya, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa Septemba 1 mwaka huohuo, likijaza safu zake kutoka kwa vijana wa TANU. JKT lilikuwa limeshaanza tarehe 10 Julai 1963, kwa ajili ya malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi. Wengi wa waliojitolea mwanzoni hawakuwa na elimu ya kujivunia. Mwaka 1966 sheria ikawataka wahitimu wa elimu ya juu watumikie, na Oktoba 22 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga. Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani takribani 400. Hali ikawa kwamba mwenye cheti alilazimishwa, na asiye nacho alikuja kwa miguu yake.

Azimio la Mwongozo la TANU, Februari 1971, liliagiza wananchi wafunzwe ulinzi, na mwaka uliofuata Operesheni Kigoma ikawakusanya watu wa Kasulu na Kibondo kwenye vijiji vipya kando ya barabara. Mambo mawili yakakutana kwenye kiwanja kimoja cha kijiji. Asubuhi mgambo walilala chini kujifunza kutambaa na kulenga, wengi kwa bunduki za mbao kabla ya kupewa za kweli. Jioni wengi wa haohao walirudi na daftari kwa kisomo cha watu wazima. Mwaka 1967 asilimia 67 ya Watanzania wazima hawakujua kusoma. Mwaka 1975 walikuwa asilimia 39, na 1977 asilimia 27.

Oktoba 1978 Idi Amin yuleyule, sasa mtawala wa Uganda, akavamia Kagera. JWTZ, lenye askari wapatao 40,000, likapanuka kwa miezi michache hadi kupita 100,000, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo walikuwa mgambo wa vijijini. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Waliofika huko hawakuulizwa kidato. Vita vilipokwisha wengi waliagwa na kurudi kwenye mihogo na maharage yao. Ningependa kila halmashauri ya Buha ikae na hawa wazee sasa, ikarekodi kwa sauti zao vikosi walivyotumikia na njia walizopita, maana daftari za vijiji zimeliwa na mchwa na wengi wao wana zaidi ya miaka 65.

Cheti kilikuja kuwa sharti pale kilipokuja kuwa kingi. Elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa miaka ya 1970. Shule za sekondari za kata zilienea baada ya 2004. Jeshi lililokuwa likipata wachache wenye kidato cha nne sasa linawapata wengi kuliko nafasi zake, na matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yametaka kidato cha nne na kuendelea pamoja na mafunzo ya JKT. JKT lenyewe bado huwapokea wa darasa la saba kama wa kujitolea, wasichana kwa wavulana, kwa mkataba wa miaka miwili, bila ahadi ya ajira. Kambi zake ziko hapahapa: Kanembwa, upande wa Kakonko, na Mtabila, Kasulu, palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa mwaka 2012.

Kwa aliyeacha shule njiani kuna njia ya kisheria. Anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT, akifaulu akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tatizo ni umri. Matangazo ya JKT huweka ukomo wa miaka kama 18 kwa darasa la saba na 20 kwa kidato cha nne. Msichana wa Muhange aliyemaliza la saba akiwa na miaka 14, akalima miaka minne ili wadogo zake wasome, akaanza QT akiwa na 18, atapata matokeo ya kidato cha nne akiwa amegusa au kupita ukomo. Mwenzake aliyesoma moja kwa moja huchukua cheti hichohicho akiwa na 18. JKT lingeweza kuwahesabia watahiniwa wa kujitegemea miaka miwili ya ziada, kwa sharti hilohilo la afya na mwenendo, na ofisi za wilaya zingeweza kuitambua namba yao ya mtihani bila kuongeza fomu hata moja.